Nyumba Niliyomwambia Bwana Mpimaji

Nasikia siku hizi nyinyi vijana wa kupima ardhi mwatumia utepe wa chuma unaojikunja wenyewe ndani ya kikopo, na mtu akimaliza kazi autia mfukoni kama tambuu. Heri yenu. Sisi tulipima kwa mnyororo. Ulikuwa na urefu wa futi sitini na sita, pete mia moja, na uzito wake haukupungua wa nanga ya meli. Niliubeba begani miaka kumi na saba, na hadi leo mshoni wangu hunikatia kanzu yenye bega moja chini ya jingine ili nionekane nimesimama sawa.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi ile. Nitawaandikia, lakini msitarajie mpango. Mimi nimepanga viwanja umri wangu wote. Maneno nayaacha yajipange yenyewe.

Jueni kwanza kwamba mnyororo una tabia zake. Asubuhi huwa mfupi, adhuhuri huwa mrefu, kwa sababu chuma hutanuka kwa jua, na jua la Mombasa enzi zile lilikuwa kali kuliko hili lenu. Niliwahi kuona dagaa akikaangika juu ya pete. Ndiyo maana kila asubuhi tuliulaza baina ya mawe mawili yaliyochimbiwa uwanjani mwa ofisi, tukaona umezidi kiasi gani tangu jana. Mshika nyuma asivute kama avutaye mbuzi, na mshika mbele asiulegeze ukanepa katikati. Mimi nilifukuzwa kazi mara mbili kwa kuvuta sana, nikarudishwa mara mbili kwa kuwa hakupatikana mwingine ajuaye kuhesabu pete kwa Kiingereza.

Halafu vigingi. Msichonge kigingi kwa mti mzuri. Mwezi wangu wa kwanza nilichonga thelathini kwa mbao nyeupe za masanduku ya chai, safi, zenye ncha kama kalamu, nikavipiga katika shamba la minazi nyuma ya mji, kuelekea Tudor, mahali palipokuwa pakitengezwa mtaa mpya. Siku ya pili yake nikaenda, hakuna hata kimoja. Nikarudi mjini na njaa yangu, nikapitia kwa Bi Mwanakombo, mwoka mofa, ile mikate ya mtama, aliyekaa katika nyumba ya makuti pale mji wa mawe unapokwisha. Nikala mofa tatu, nikazisifu kwa jinsi zilivyoiva. Bi Mwanakombo akashukuru, akasema leo amepata kuni nzuri mno, kavu, zimekwisha chongwa kabisa, nazo huokotwa bure kule minazini. Nikatazama ndani ya tanuri. Kigingi changu cha kona ya kaskazini kilikuwa kinamalizikia.

Tangu siku hiyo nilichonga vigingi vya mkoko, nikavichoma ncha visiliwe na mchwa, nikavipaka lami. Moshi wa lami huharibu mkate, kwa hiyo hapana mwoka mofa duniani atakayevigusa. Hilo halimo kitabuni mwenu. Liandikeni.

Mimi mwenyewe nilizaliwa Kuze, nikahitimu chuo cha Kurani, nikijua kuandika kwa herufi za Kiarabu kama kila mtoto wa mtaa. Nilipokuwa mchukuzi wa mizigo forodhani nikajitia katika shule ya usiku ya karani mmoja Mgoa, aliyetusomesha watu wazima kumi na wawili kwa taa moja na kitabu kimoja. Kitabu kilikuwa katikati ya meza na sisi tumekizunguka. Mahali pangu palikuwa ng'ambo ya mwalimu, kwa hiyo nilijifunza Kiingereza kichwa chini miguu juu, na hata sasa nikipewa barua huigeuza kwanza. Lakini nilitoka na cheti. Cheti hicho nilimwonyesha kila mtu niliyemjua, na nilipowamaliza niliowajua nikaanza kuwaonyesha wapita njia.

Kwa cheti hicho nikapata kazi kwa Bwana Mpimaji. Alikuwa Mwingereza mrefu, mkimya, aliyekuja kazini kila asubuhi ndani ya kigari cha reli kilichosukumwa na watu wawili, mwavuli juu ya kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba aliandika kila alichoambiwa.

Siku moja, kabla hatujapiga hata kigingi kimoja kule minazini, aligeuka akaniuliza kwa upole: nyumba ya mtu wa kawaida wa hapa ina ukubwa gani?

Sasa nataka mnielewe kabla hamjanicheka. Kwetu Kuze tulilala ndugu tisa katika chumba chenye upana wa futi tisa, futi moja kwa kila ndugu, na aliyetaka kugeuka aliomba ruhusa. Lakini mgeni akikuuliza habari za nyumba yenu, humjibu hivyo. Kusema nyumba ni ndogo mbele ya mtu baki ni kumvua mamako nguo. Basi nikasimama wima, nikamwambia Bwana kwamba mtu wa kawaida wa Mombasa, mtu wa chini kabisa, ana sebule mbili, moja ya wageni na moja ya wageni wa wageni. Ana vyumba sita. Ana kisima. Ana ua wa kuanikia nguo na ua mwingine wa ng'ombe. Hapo nikaona kalamu yake inataka kusimama, nami nilikuwa bado nimenoga, nikamwongezea bustani ya asumini mbele ya nyumba.

Bwana akaandika, akanishukuru. Nikaenda zangu kula, nimejaa furaha kwa kuwatetea watu wangu.

Haukupita muda, moto ukashika paa moja la makuti pembezoni mwa mji na nusura uingie katika nyumba za mawe. Hakuungua mtu, ila mbuzi mmoja, na mwenyewe alivyomlilia alimfanya kuwa kundi zima. Kisha likapigwa buruji na kusomwa tangazo: paa la makuti lisigusane tena na nyumba za mawe, na wenye mapaa hayo wayateremshe kabla ya masika. Wanaotaka wahamie mtaa mpya kule minazini. Huko makuti yaruhusiwa, mradi baina ya paa na paa pawe na futi kumi, moto usiruke.

Sheria yenyewe haikuwa mbovu. Watu walipewa pa kwenda, nao walijua kuhama. Nyumba zetu za makuti ni za kuhamisha: ardhi ni ya mwenye shamba, nyumba ni yako, na siku ukitoka wateremsha paa, wang'oa nguzo, wachukua mlango kichwani, wamwachia mwenye ardhi vumbi lake. Wamlipa kodi ya kiwanja tu, kwa ukubwa wa kiwanja.

Na hapo ndipo penye shughuli. Ramani ilipotoka, kila kiwanja kilikuwa cha futi hamsini kwa sitini. Mbele kabisa, futi kumi zilitengwa pasijengwe kitu. Pale pa asumini. Nilipoiona ile ramani ukutani ofisini, niliitambua bustani yangu, nikachukua vigingi vyangu vya lami nikaenda kuvipiga. Navyo nilivipiga vizuri. Sijapata kupiga vigingi vilivyonyoka vile kwa jambo lililopinda vile.

Bi Mwanakombo alikuja kuangalia siku ya tatu, na binti yake mjane na wajukuu watatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita hadi ng'ambo ya maji. Akakitembea kiwanja kutoka kigingi hadi kigingi, leso yake ya kujitanda imebanwa kwapani, akarudi akasimama mbele yangu.

"Bakari mwanangu, hiki chote ni kimoja?"

"Kimoja, Bi."

"Na hapa mbele pana nini?"

"Hapo pa asumini."

"Asumini huliwa?"

Nikamwambia haziliwi, hunukia. Akasema basi yeye atakuwa akilipa kodi ya harufu. Akanitaka nimkatie nusu ya kiwanja, kwa kuwa nusu yamtosha yeye na wote aliokuja nao, na tanuri juu. Nikamwambia ramani haikatiki, mtu achukue kiwanja kizima ama aache.

"Hata nikioka kuchwa na kucha, kodi ya kiwanja kizima siiwezi," akasema, na safari hii kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa jambo la kutisha. "Masika ikinikuta sina mahali, navuka Kisauni, porini. Nani atakula mofa zangu huko? Kima?"

Kisha akaniuliza, bila hila yoyote, ni nani huyo aliyemdanganya Mzungu kwamba sisi twakaa katika majumba. Nikamwambia sijui.

Sikula mofa siku ile. Na si yeye peke yake. Walikuja watu wa makuti siku nzima, wakatembea kutoka kigingi hadi kigingi, wakapiga hesabu zao kimya, wakarudi. Viwanja vilivyochukuliwa vilikuwa vitatu, na vyote vitatu vilichukuliwa na watu wenye nyumba tayari, waliotaka mahali pa kufugia kuku. Mtaa wangu mpya ulikuwa na wakazi vigingi mia mbili, wote weusi, wote wamesimama sawa.

Nikaenda kwa Fundi Mwinyi. Huyu alikuwa mjenzi wa nyumba za kukandika, mzee mwembamba mwenye meno mekundu ya tambuu, na kama shule ya usiku ilinipa cheti, yeye ndiye aliyenipa akili. Kwake nilijifunza kupata pembe sawasawa bila kioo wala dira: chukua kamba, ifunge mafundo ya vipimo vitatu, vinne na vitano, iunge miisho, ivute pande tatu, kona yako hiyo. Bwana Mpimaji alikuwa na chombo cha shaba cha kufanya hivyo, na mara nyingi tulipokijaribu kwa kamba ya Fundi Mwinyi, kilichokosea kilikuwa cha shaba.

Nikamweleza yote, na sebule ya wageni wa wageni. Alicheka akashika nguzo. Alipokwisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelala chini yake tangu kuzaliwa na sikuwahi kulifikiri.

"Tazama juu. Unaona boriti? Mkoko una urefu wake, na chumba hakizidi boriti. Tajiri na maskini, wote futi tisa. Ukitaka kujua nyumba ya Mmvita, usimuulize Mmvita, iulize boriti. Ulimpa Bwana vipimo vya kinywa, kampe vya mkono."

Jumapili ofisi ilifungwa. Nikachukua karatasi na kamba niliyoifunga fundo kila futi, nikaenda mitaa ya makuti kupima nyumba kumi. Sasa, mimi mwanamume baki siwezi kuingia vyumbani mwa watu. Tukakubaliana kwamba nitakaa barazani na karatasi, na wenye nyumba watapima wenyewe ndani na kunipigia ukelele hesabu. Mpango mzuri sana, mpaka ulipoanza.

Mama wa nyumba ya kwanza akaita kumi na mbili. Wa pili, ambaye alisikia kupitia ua, akaita kumi na nne. Wa tatu akasema chumba chake kamba haikufika ukutani, niende nikaiunge na nyingine. Tulipofika nyumba ya tano, chumba kilikuwa kimezidi msikiti, na mwenye chumba alikuwa akiapa. Nami nimekaa pale barazani naandika, huku najiona mwenyewe nikizungumza kwa midomo ya watu wengine.

Bi Mwanakombo aliingilia hapo. Alikwenda akakata ufito mmoja, futi tisa kamili, akaja nao begani kama mkuki. Akasimama katikati ya njia, akawaita wote kwa majina.

"Kwani hapa mwaposwa? Hapa twatafuta pa kulala. Atakayeongeza kidole, nitamwambia Bakari amwandikie Kisauni."

Akaingia na ufito wake nyumba moja baada ya nyingine. Mimi nje nikisikia neno moja tu kila mara: ndivyo. Chumba, ndivyo. Ukumbi wa katikati, futi sita. Chumba cha pili, ndivyo. Tisa, sita na tisa, upana futi ishirini na nne, nyumba zote kumi, kwa sababu boriti zote hutoka mikoko ile ile. Nyuma, ua mdogo wa kupikia. Mbele, baraza juu ya njia, ili anayepita asipite bila kusalimiwa. Asumini, nyumba kumi, sifuri. Ng'ombe, sifuri. Kisima kimoja, cha watu wote.

Alipomaliza nyumba ya kumi akaja kukaa karibu yangu, akijipepea kwa ncha ya leso. Nikamwambia, Bi, yule aliyemdanganya Mzungu ni mimi. Akaacha kujipepea. Kisha akaniuliza nilimwambia nyumba ina nini. Nikamtajia kimoja kimoja. Nilipofika kwenye ua wa ng'ombe akaanza kutikisika mabega, na nilipofika kwenye asumini alikuwa amejifunika uso kwa leso. Lakini alipoifunua hakuwa anacheka tena. Akasema, "Haya. Kamwambie ulivyoniambia mimi."

Usiku ule mimi na Fundi Mwinyi hatukulala mpaka tukapata kiwanja kipya: futi thelathini na nne kwa arubaini na tano, karibu nusu ya kile cha zamani. Nyumba futi ishirini na nne, zinabaki kumi. Kumi hizo ndizo nafasi ya moto baina ya paa na paa. Tulizitoa wapi? Kwenye bustani yangu. Tuliing'oa mbele tukaiweka ubavuni. Nyuma, ua ukapakana na ua, ili wake za watu wapeane moto na chumvi bila kutoka njiani. Kama mna kazi ya kupanga mtaa, vijana, anzieni hapo, mtu atapitia wapi kwenda kuomba chumvi. Mengine yatafuata.

Asubuhi nikampelekea Bwana Mpimaji. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa Kiingereza, yenye maneno mawili niliyoyahifadhi tangu shule ya usiku kwa ajili ya siku kubwa, na nilipofungua mdomo hotuba yote ikanikimbia. Nikaweka karatasi mezani. Akasoma. Alikuwa msomaji wa polepole. Akalinganisha na daftari lake la zamani, mstari kwa mstari, akainua kichwa akaniuliza kwa Kiswahili chake:

"Ile nyumba uliyoniambia, ni ya nani?"

"Haipo, Bwana. Yetu ni ndogo, nami niliona haya."

Nilikwisha kuanza kufikiri forodha itanipokea vipi na bega langu moja. Kisha akaniuliza kwetu tulilala wangapi. Nikamwambia tisa. Akasema kwao walikuwa saba, juu ya duka la mshona viatu, na hapa Mombasa amewaambia wakubwa wake kwamba amekulia penye bustani. Akasema hivyo huku anatazama dirishani, na hakupata kulitaja tena, wala mimi sikulitaja mpaka leo, naye amekwisha fariki.

Shida yake ilikuwa moja. Ramani ilikwisha kutiwa sahihi na wakubwa hao. Alikwenda kwao mara tatu. Mara ya tatu alirudi masikio mekundu, akasema wamempa safu moja ya kujaribia. Nyumba kumi. Zikiwa zimehamiwa na kuezekwa kabla ya mvua ya masika, na futi kumi zipo baina ya kila paa, watafikiri juu ya safu nyingine. Zisipokuwa, vigingi vya hamsini kwa sitini vitabaki, na wasioviweza watafute pengine. Na masika ilikuwa mlangoni. Asubuhi upepo ulikwisha geuka.

Nilipiga vigingi vipya kwa siku mbili. Kisha mji ukahama. Kama hamjaona nyumba kumi zikitembea, hamjaona kitu. Mbele walitangulia wabeba boriti, wawili wawili, nyuma yao fito kwa mafungu, nyuma yao makuti yanatembea juu ya miguu ya watu wasioonekana, kisha milango, kisha vitanda, na kuku waliofungwa miguu wakitukana njia nzima. Msururu huo ulikuwa na urefu wa maili mbili. Wa mbele alikwisha fika minazini na wa nyuma hajaamka. Mlango wa Bi Mwanakombo niliubeba mimi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema kwamba nilistahili kubeba kitu chepesi. Tanuri lake la udongo halikuhamishika. Alilivunja mwenyewe, akasaga vigae vyake, akavichukua katika pakacha, kwa kuwa udongo uliokwisha zoea moto ukichanganywa na mpya haupasuki. Na hilo pia halimo kitabuni mwenu.

Fundi Mwinyi alisimamia ujenzi akiwa juu ya nguzo, mzee wa miaka sijui mingapi, akipiga kelele kwamba mtu asiguse udongo. Paa kwanza, kuta baadaye. Ukikandika ukuta kabla ya paa na mvua ikaja, utakuwa umejenga uji. Tulisimamisha nguzo, tukapandisha boriti, tukafunga fito, tukaezeka. Siku ya tatu jioni mapaa tisa yalikuwa tayari. La kumi lilikuwa la Bi Mwanakombo, nalo lilichelewa kwa sababu ya yeye mwenyewe, aliyekuwa akitulisha watu wote badala ya kutusukuma tuanze kwake.

Asubuhi ya nne wingu likasimama juu ya Tudor, jeusi, limetulia kama mtu anayesubiri kualikwa. Tukapanda juu watu kumi na watano. Kuti la mwisho lilifungwa na Fundi Mwinyi mwenyewe, na kamba ilikuwa bado mdomoni mwake pale tone la kwanza lilipompiga kwenye pua.

Bwana Mpimaji akaja wakati huo huo, kwa miguu, kwa kuwa reli ya kigari haikufika kule. Hakuwa na mwavuli. Hakusalimia mtu. Alishika ncha moja ya mnyororo, akanipa nyingine, na mvua ikitumiminikia tukapima baina ya paa na paa, safu nzima, yeye matope hadi magotini. Nafasi tisa. Kila moja futi kumi, na ya mwisho, ya Bi Mwanakombo, futi kumi na kiganja. Aliandika katika daftari lililokwisha kuwa maji, na sijui kilibaki nini humo, lakini aliandika.

Kisha mvua ikashuka yenyewe hasa, ile inayokunyang'anya pumzi, na kila mtu akakimbilia paa lililo karibu. Kwa bahati lililokuwa karibu na wengi lilikuwa lile la kumi. Halikuwa na kuta, lilikuwa na nguzo na paa tu. Wanawake wakapata upande wao nyuma ya leso zilizotundikwa kwenye fito, wanaume upande wao, wajukuu juu ya magunia ya unga, kuku chini ya vitanda. Mimi niliwahesabu watu mia nne. Fundi Mwinyi alidai arubaini, lakini yeye alikuwa amebanwa nyuma ya mlango uliokuwa umeegemezwa nguzoni, na hakuona vizuri.

Bwana Mpimaji alibaki amesimama ukingoni, nusu yake ndani, nusu yake inanyeshewa, kama mtu anayeona haya kuingia. Sauti ikatoka nyuma ya leso.

"Sogeeni, Bwana akae. Nyumba yatosha."

Tukasogea. Akakaa baina yangu na Fundi Mwinyi, magoti kidevuni, maji yakimtiririka kofiani. Tukapitishiwa mofa moja kutoka nyuma ya leso, ya jana, ngumu, tukaikata vipande vitatu. Bwana akala huku akitazama juu, akilifuata paa kwa macho, kutoka kuti hadi kuti, akitafuta palipovuja. Alitafuta sana. Alipokosa, akageuka kwangu.

"Bakari, kesho safu ya pili."

"Kesho yanyesha," ikasema sauti nyuma ya leso. "Keshokutwa."

Na ikawa keshokutwa.